Mkate kwa Mkono wa Kushoto

Tulipomaliza kumzika Mama Firmina tulirudi nyumbani kwake Kilosa, upande ule wa nyuma ya nyumba za reli, na wanawake wakaanza kupakua wali. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na turubai bado lilikuwa likidondosha maji pembeni. Nilikaribishwa kwenye mkeka pamoja na wanawake nisiowafahamu, tukanawishwa, sinia likaja, nami bila kufikiri nikapeleka mkono. Mkono wangu ni wa kushoto. Kule Mikumi nina nyumba ndogo ya wageni kando ya barabara kuu. Madereva wa malori wanakula na kuondoka, mimi nakula baada yao nikiwa peke yangu, kwa hiyo sina wa kunikumbusha. Mmoja wa wale wanawake alitazama pembeni, mwingine akaliacha tonge lake palepale alipokuwa analiviringa. Firmina, mtoto wa marehemu, alikuwa amekaa ndani na wafiwa, akaniona kupitia mlangoni. Akamwita mjukuu wake akamwambia kwa sauti ya upole ambayo sote tuliisikia, "Mpelekee bibi yako Tekla sahani yake na kijiko. Yeye ana mashoto." Binti akaleta sahani, akapiga goti, nikaipokea kwa mkono wa kulia kama inavyotakiwa, nikashukuru. Firmina alidhani ananisitiri, wala simlaumu. Nilikula wali ule pembeni ya mkeka huku machozi yananitoka, na watu wakadhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia kweli, ila kwa jambo ambalo hawakulijua.

Nataka niuandike mwaka ule niliokaa kwake. Habari za kwetu nitaziacha. Kila mtu ana kwao, na kwetu hakukuwa na maajabu ya kumnyima msomaji usingizi. Itoshe kwamba nilikuwa msichana niliyemaliza shule, nikapelekwa Kilosa kujifunza ushonaji kwa masista, na kwa kuwa darasa lao halikuwa na bweni nikaombewa nafasi kwa Mama Firmina, mjane aliyesifika parokia nzima kwa usafi. Sifa hiyo hakupewa bure wala hakuiiba. Sufuria zake alizisugua kwa majivu na mchanga mpaka ukiinama unajiona meno. Ua wake ulifagiliwa kabla kuku hawajateremka. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alipokukaribisha alikuonyesha kwanza choo kilipo, kisha ndoo ya kunawia, kisha kitanda. Nyumbani mle alikuwamo pia Babu Dismas, baba mkwe wake, aliyekuwa gadi wa treni mpaka alipostaafu, ambaye hata wakati wa joto alivaa koti lake la reli lenye vifungo viwili vilivyobaki. Na alikuwamo Firmina, rika langu, ambaye tangu siku ya kwanza aliniona kama mtu aliyekuja kumpunguzia godoro.

Jioni niliyofika tulikula mkekani barazani: ugali, kambale wa mtoni na mlenda, wote sinia moja na bakuli moja. Nikamega tonge. Mama Firmina akauangalia mkono wangu kama mtu anayeangalia mende juu ya kitambaa cheupe. "Mwanangu, mkono huo vipi?" akaniuliza. Nikamjibu kwamba ndio ninaouweza. Akasema, bila ukali, "Hapa tunachanganya mikono katika chakula. Jaribu ule mwingine." Nikajaribu. Shuleni walikwisha kunifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, wakanichapa rula kwenye vidole, mpaka kuandika nikaweza kwa kulia, lakini ugali ulinishinda. Tonge lilinivunjikia njiani, mlenda ukateremka mpaka kwenye kiwiko, Firmina akacheka, na Babu Dismas akaanza kusimulia habari za treni iliyokwama kwenye mafuriko ili watu waangalie upande mwingine. Nililala na njaa siku ile na siku zilizofuata. Kisha jioni moja, nikiwa chumbani nakunja nguo, nikamsikia Firmina ng'ambo ya ukuta. "Mama, jana amesahau, ametia ule mkono wake. Mimi sili tena naye. Mkono wa chooni ule." Mama Firmina akasema, "Nyamaza, atasikia." Firmina akajibu, "Asikie."

Kesho yake nilikuta sahani yangu peke yake imefunikwa kwa kawa, imewekwa stoo juu ya kigoda. "Utakula huku, mwanangu, kwa nafasi yako," Mama Firmina akaniambia. "Tumia mkono unaoutaka, hakuna wa kukusumbua." Nataka nimtendee haki: sahani ile ilikuwa imejaa, na mara nyingi kipande changu cha samaki kilikuwa kikubwa kuliko cha mwanawe. Sikunyimwa chakula, nilinyimwa watu. Stoo ilikuwa chumba chembamba chenye magunia ya mahindi kutoka shamba lake la Masanze, majembe, mtungi uliopasuka, na kidirisha kilichozibwa kwa wavu wa kuku. Upande wa pili wa ukuta ndiko barazani, na mkeka ulikuwa umetandikwa palepale, kiasi kwamba nilisikia maji ya kunawa yakimiminwa, nikamsikia Babu akishushia tonge kwa mguno wake, nikazisikia hadithi zake zikianza. Babu alikuwa na tabia ya kuishusha sauti hadithi inapokaribia kuiva. Miezi ile nilijua jinsi treni zote zilivyoondoka stesheni, sikujua hata moja ilivyofika. Wao walicheka, na mimi nikabaki nimeshika tonge nikikisia walichokichekea. Nilikuwa mpweke, na upweke wa pembeni mwa watu wanaokula ni mbaya kuliko wa porini, maana porini angalau hakuna harufu ya mchuzi.

Ni mle stoo nilimoikuta picha. Ilitundikwa juu ya magunia kwa msumari, ina fremu ya mninga na kioo chenye ufa, kwa sababu Mama Firmina hakutaka ikae sebuleni. Sebuleni aliweka picha za watakatifu zenye rangi na miali ya dhahabu; hii alisema inafanana na msiba, na kweli haikuwa na rangi hata moja. Ilikuwa mistari mieusi mitupu. Meza imetandikwa kitambaa, na mikunjo ya kitambaa imepigwa mistari iliyokaribiana kama mishono ya mkono. Watu watatu wamekaa. Yule wa katikati ana mwanga kichwani, amemega mkate na anampa mwenzake wa pembeni, ambaye ameinuka nusu kutoka kwenye kiti, mdomo wazi. Wa tatu ameshika kikombe, amesahau kunywa. Chini ya meza mbwa anaguguna mfupa wala hana habari. Dirishani unaonekana mlima na jua linalozama, na njia nyembamba waliyoijia. Niliijua habari yenyewe kanisani: wanafunzi wawili wanakwenda Emau wamevunjika moyo, mgeni anafuatana nao njiani, wanamsihi abaki kwao kwa sababu jioni imeingia, na anapowamegea mkate ndipo wanamtambua. Miaka mingi baadaye mgeni wangu mmoja pale Mikumi, aliyekuwa akienda mbugani kuangalia simba, na ambaye kwao anafundisha sanaa, alinionyesha kwenye simu yake picha za namna ile. Si ile yenyewe, ila ndugu zake. Akaniambia ni kazi za Ulaya za miaka kama mia tano iliyopita, enzi wanazoziita za mwamko, watu walipokuwa wakichonga ubao na kuupiga chapa ili hata maskini aweze kuwa na picha nyumbani. Nilimsikiliza tu. Sikumwambia kwamba nilikula na mmoja wa ndugu hao miezi mingi.

Jambo nililoliona mimi, na ambalo nadhani hakuna mwingine mle ndani aliyekuwa amekaa na picha ile kwa muda wa kutosha kuliona, ni mkono. Bwana alikuwa anatoa mkate kwa mkono wa kushoto. Nilipoliona mara ya kwanza nilisimama na sahani yangu nikasogea mpaka pumzi ikafanya ukungu kwenye kioo. Hapakuwa na shaka. Nikamwangalia wa kikombe: kikombe kiko kushoto. Nikamwangalia yule aliyeinuka: mkono alioupeleka kupokea mkate ni wa kushoto. Meza nzima walikuwa watu kama mimi, na hakuna aliyekuwa amefukuzwa. Kama ningekuwa na akili timamu ningeshangaa kwamba watu watatu wote wawe na mashoto kwa pamoja, lakini mwenye njaa hahesabu punje. Tangu siku ile nilikigeuza kigoda changu kikaelekea ukutani. Nilikuwa nikifika stoo nawaamkia kimoyomoyo, shikamoo zenu, na kuanza kula pamoja nao. Niliwasimulia habari za darasani: jinsi mkasi ulivyonitafunia kitambaa kwa sababu umetengenezwa kwa mkono wa wengine, jinsi Sista alivyonipa mkasi wa zamani uliolegea ambao ulinitii kidogo. Msichana mkubwa, mwenye akili zake, naongea na karatasi. Nacheka sasa, ila wakati ule picha ile ndiyo iliyonizuia kufunga mzigo wangu.

Babu Dismas alinikuta mara moja nimeikodolea macho, alipokuja kuchukua tumbaku yake aliyoificha nyuma ya gunia. "Unaipenda?" akaniuliza. Akakaa juu ya mahindi. Aliniambia picha ile alipewa na padre mmoja mzungu, mzee, aliyekuwa akirudi kwao kufa. Padre alipakia masanduku yake kwenye treni ya Babu, na kwa kuwa Babu aliyabeba vitabu kwa adabu, padre alifungua sanduku moja akampa karatasi hiyo iwe yake. "Haikuchorwa hii," Babu alisema. "Imepigwa chapa, kama muhuri wa stesheni. Padre alinieleza. Fundi anachukua ubao, anachonga kwa kisu kidogo anaacha mistari imesimama, anapaka wino, analaza karatasi, anakandamiza. Halafu anaibandua." Alifanya kwa viganja vyake, kimoja juu ya kingine, akakibandua taratibu. Mimi nilitikisa kichwa kuonyesha nimeelewa. Wote wawili tulikuwa tumeona viganja vile vikigeuka, na hakuna aliyefikiri zaidi.

Juma lililofuata Pasaka jumuiya ndogo ya parokia ilisali pale nyumbani kwa Mama Firmina. Masika ilikuwa imeshika, mto Mkondoa umejaa, na majirani walifika wamevua viatu, wamebeba matope mpaka magotini, jambo ambalo Mama Firmina alilivumilia kwa nguvu za Mungu tu. Somo lilikuwa lilelile la Emau. Katekista alipomaliza kulisoma, Babu Dismas akasema, "Mimi ninayo picha yake," na kabla mkwewe hajamzuia akaenda stoo akaileta, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti. Ilizunguka kwa watu mmoja mmoja chini ya taa ya karabai. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, na niliona wivu, kama mtu anayeona ndugu zake wakipapaswa na wageni. Ilipofika kwa Mama Bahati, jirani wa upande wa pili, akaiweka magotini akakunja uso. "Samahani jamani," akasema. "Mbona Bwana anatoa mkate kwa kushoto?"

Katekista akaichukua, akaisogeza kwenye taa, akaigeuza kana kwamba jibu liko nyuma ya fremu. "Mchoraji alikosea," akasema.

"Alikosea watu wote watatu?" Babu akamuuliza. "Mwangalie huyo wa kikombe. Mwangalie na huyo anayepokea."

"Kwa hiyo, Mzee Dismas, unatuambia Bwana alikuwa na mashoto?" Katekista akasema.

"Mimi sisemi kitu. Picha ndiyo inayosema. Mimi nilikuwa gadi. Nikiona bendera imepungwa, treni inakwenda, sijadiliani na bendera." Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Kisha akanitazama pale mlangoni, na sauti yake ikabadilika. "Picha hii wachamungu waliitunza kabla babu yangu hajazaliwa. Hawakuona haya. Na sisi tuna mtoto wa watu humu ndani tunamlisha stoo pamoja na magunia, kwa mkono huohuo."

Sikujua niutazame uso wa nani. Majirani wote waligeuka, si kwangu, kwa Mama Firmina. Mwanamke aliyesifiwa parokia nzima, jambo la nyumbani kwake limemwagwa mbele ya watu waliokuja na matope kwenye mikeka yake. Aliinuka akaenda kuleta chai. Nilimwonea huruma, nikaogopa pia, maana nilijua waliofurahi watarudi kwao na mimi nitabaki na aliyeaibishwa. Usingizi niliupata kwa shida.

Mchana wa kesho yake nilikwenda stoo kama kawaida nikakuta kigoda kitupu. Nikasimama. Nikasikia sauti ya Mama Firmina kutoka barazani, "Tekla, njoo ukae." Hakuniangalia nilipofika. Firmina alisogea, akajikunja kabisa kwenye ncha ya mkeka, akamega upande wake wa ugali kwa haraka kama anayewahi treni. Mimi nikanawa mikono yote miwili mpaka juu, nikaionyesha bila kuambiwa, nikamega kwa kushoto. Nilitafuna tonge lile muda mrefu. Ulikuwa ugali wa kila siku na kisamvu kisichokuwa na nazi, na sijapata kula chakula kitamu kama kile mpaka leo, wala usiniambie habari za mahoteli.

Zikafuata wiki ambazo naziita zangu. Nilisikia mwisho wa hadithi zote za Babu. Kumbe ile treni iliyokwama kwenye mafuriko iliokolewa na abiria wenyewe walioshuka kuisukuma, jambo ambalo haliwezekani, na ndiyo maana alikuwa akishusha sauti. Firmina alianza kunisahau, na kusahauliwa mkekani ni heshima kubwa; alininyang'anya kichwa cha dagaa mbele ya macho yangu kama dada yangu wa kuzaliwa. Babu naye akawa mhubiri. Kila asubuhi alikwenda kwenye banda la chai pale stesheni akabishana na watu. "Shikamoo, Mzee Dismas. Bwana wako wa mashoto hajambo?" vijana walimtania. "Marahaba. Hajambo, anawasalimu, anasema mnawe mikono." Alirudi nyumbani amechangamka, koti limefungwa vifungo vyote viwili. Mama Firmina peke yake ndiye aliyekaa vilevile. Alinipa nafasi lakini hakunipa neno, na mimi nilijua kwamba nimekaa pale kwa sababu ya aibu yake mbele ya majirani na kwa sababu ya karatasi iliyopo ukutani.

Kisha likaja suala la vitambaa vya meza. Sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia ilikuwa inakaribia, na Sista akataka darasa letu litengeneze vitambaa vya kutandika siku ya sherehe, vyenye mapambo ya kupiga chapa. Wengine walichonga viazi na bamia, maua na nyota. Mimi nikataka kufanya makubwa. Nikachukua soli ya ndala iliyokatika, nikaiosha, nikaketi nayo stoo siku kadhaa mbele ya picha nikiwa na wembe na kalamu. Sikuithubutu meza nzima; nilichukua mkono tu, mkono wa Bwana wenye mkate, na kipande cha mkunjo wa nguo. Niliunakili jinsi ulivyo, dole gumba kwa dole gumba. Wembe nilioushika kwa kushoto haukuniangusha. Nilipomaliza niliuweka mpira ule sambamba na kioo, na ulikuwa uleule. Niliona fahari ambayo sijaiona tena katika kazi ya mikono yangu. Darasani, wenzangu wakiwa nje wanakula mihogo, nikaupaka wino wa buluu, nikaulaza kwenye pembe ya kitambaa, nikakandamiza, nikaubandua.

Ulikuwa mkono wa kulia.

Nilidhani nimeushika vibaya. Nikaupiga tena, pembeni, mkono wa kulia. Nikauchukua mpira nikautazama: wa kushoto. Kitambaa: wa kulia. Nikakumbuka viganja vya Babu vikigeuka. Mtu yule wa zamani, huko kwao, alichonga Bwana wake akitoa mkate kwa mkono wa kulia kama watu wote, na kikombe kulia, na mpokeaji kulia. Karatasi ndiyo iliyowageuza. Hakukuwa na meza ya watu kama mimi mahali popote. Nilikuwa nimekula miezi mingi na watu wa mkono wa kulia waliogeuzwa na wino, na hata mkekani nilikaribishwa kwa kosa lao. Nilikikunja kitambaa nikakitia ndani ya blauzi pamoja na ule mpira, nikamwambia Sista naumwa kichwa.

Nikapita kando ya reli nikitafuta la kufanya. Ningeweza kunyamaza. Lakini Babu alikuwa ameshatangaza kwamba siku ya sherehe picha italetwa, Padre wa parokia atoe neno lake mbele ya watu, na nilijiambia kwamba kama mimi, msichana wa kushona, nimeligundua kwa soli ya ndala, Padre ataligundua kwa kutazama tu. Heri nirudi stoo kwa miguu yangu kuliko kurudishwa. Nilimkuta Mama Firmina jikoni uani, amechuchumaa anakoroga mlenda. Firmina alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Babu bado yuko stesheni. Nikamwamkia, akaitikia. Nikachukua picha stoo, nikaiweka chini kwenye kigoda, nikaweka mpira upande huu na kitambaa upande ule, nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa kurudiarudia, lakini yeye alikuwa mtu wa kutazama. Akaufuta mkono kwenye kanga, akaushika mpira, akautazama, akakitazama kitambaa.

"Kwa hiyo ni wa kulia," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mchoraji hakukosea. Wala Bwana hakuwa na mashoto."

"Hakuwa nayo, Mama."

Akaukoroga mlenda uliokuwa unatokota. Mimi nilikuwa nimekwisha kukiona kigoda changu stoo, kimeelekea ukutani. Akaniuliza, "Nani amekiona kitambaa hiki?" Nikamwambia hakuna. Akakikunja mara nne, kwa unadhifu wake uleule, akakisukumiza katikati ya kuni, akaweka na mpira juu yake. Mpira ukafuka moshi mweusi wenye harufu ya kukata roho, tukakohoa wote wawili, machozi yakatutoka. "Picha irudishe ukutani," akasema. "Kwenye sherehe haiendi. Nitamwambia Babu kioo kina ufa, kitavunjika njiani." Nikasimama pale nisijue kama niseme asante au niombe radhi. Akaongeza, huku anachochea, "Mzee amefurahi mwaka huu. Mwache." Nikaamini kwamba kafanya kwa ajili ya Babu, na huenda ni kweli.

Mwaka ulipokwisha niliondoka na cherehani ya kukopeshwa, na sikurudi mara nyingi kama nilivyopaswa. Mikumi si mbali. Babu alifariki, mchwa wakaila picha pamoja na fremu yake ya mninga. Kila nilipomtembelea Mama Firmina tulizungumza habari za mvua, za mahindi ya Masanze, za bei ya nyanya kule Dumila, na jambo lile hatukuligusa. Nilidhani siku moja tutakuwa wazee wote wawili tukae tulicheke. Sasa yeye yuko makaburini, na mimi sina mtu mwingine duniani anayejua nilichoonyesha jikoni siku ile.

Lakini jioni ya siku ile ya moshi sote tulikula pamoja. Firmina aliingia akinusa. "Mama, kuna nini kimeungua?" Mama Firmina, ambaye sikuwahi kumsikia akisema uongo hata kwa mtoza ushuru, akamjibu, "Nimechoma ndala iliyokatika." Tukanawa. Babu akaanza habari za treni ya mkonge iliyopotea njia Kimamba, kana kwamba treni inaweza kupotea njia. Mama Firmina akakaa mahali pake, na kabla hajamega tonge akalichukua bakuli la mlenda lililokuwa katikati, akalisogeza mpaka upande wangu, kushoto kwangu, mahali ambapo mkono wangu ungefika bila kupita mbele ya mtu.

"Mama, mimi silifikii," Firmina akalalamika.

"Nyoosha mkono," Mama Firmina akamwambia.